Udongo wa Madoadoa wa Shule ya Beigou

Kijijini kwetu Beigou hakuna jengo la maana linaloanzishwa kabla Jin Qiaoyun hajapita na sepetu yake. Ndivyo ilivyo Luoyang nzima. Wafalme wa enzi kumi na tatu walikaa hapa, wakafa, wakazikwa pamoja na vyungu vyao na farasi wao, halafu sisi tukaja kupanda ngano juu yao. Kwa hiyo anayetaka kujenga huita kwanza wapimaji, nao hutoboa ardhi na kusema kilichomo. Mimi ni mmoja wa wapimaji hao. Kazi yangu ni kubeba vyuma na kuviunganisha. Maneno nilimwachia Qiaoyun tangu zamani, maana mimi na maneno hatuelewani vizuri.

Qiaoyun ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na ushei, mabega mapana, kofia ya majani kichwani hata siku za mawingu. Hutembea ameinama kama aliyedondosha sindano. Sepetu yake si kama ile ya kuchotea mchanga. Ni nyembamba, imekunjwa kama nusu ya mwanzi uliopasuliwa, na mpini wake hurefushwa kwa vyuma kadiri unavyokwenda chini. Unaishusha wima, unaizungusha kidogo, unaivuta, nayo inakuja na kipande cha udongo jinsi kilivyokuwa huko kilikokaa. Qiaoyun hukipokea kwa viganja viwili na kukisemesha.

"Haya, toka tukuone. Ulikuwa wapi wewe?"

Sepetu ya namna hii ilibuniwa na wezi wa makaburi, na babu yake Qiaoyun alikuwa mmoja wao. Usiku alikuwa akitoboa vilima vya kaskazini, mchana akilala kama paka. Baba yake aliichukua sepetu ileile akaenda kuwafanyia kazi watu wa ofisi ya mambo ya kale, akaapa kwamba nyumba yake haitaficha tena kitu cha ardhini, hata kigae. Lakini kijiji hakisahau upesi. Tulipokuwa shule, mimi na Qiaoyun darasa moja, watoto walikuwa wakificha kalamu zao akipita. Mama yake alipofariki, baba akamtoa shule darasa la nne ili akamshikie vyuma. Mimi niliendelea hadi la sita nikaishia hapo.

Shule yenyewe ni hii hii iliyotaka kutuvunja moyo vuli iliyopita.

Paa lake lilikuwa limeoza. Mvua ikinyesha, watoto walihamisha madawati kama watu wanaocheza ngoma. Ofisi ya elimu ikakubali kutujengea madarasa mapya nyuma ya yale ya zamani, kwa sharti moja: msingi uanze kabla ardhi haijaganda kwa baridi. Usipoanza, nafasi inakwenda shule nyingine, ya Beigou inafungwa, na watoto wetu wanapelekwa bweni mjini, hata wale wa darasa la kwanza ambao bado hawajui kufunga kamba za viatu.

Mwalimu mkuu, Bi Tao Wenjuan, alikuja mwenyewe kutupokea uwanjani na chupa ya maji ya moto.

"Dada Qiaoyun, tupimie upesi," alisema. "Na tafadhali, usitutafutie mfalme."

"Simtafuti mimi, Mwalimu. Wao ndio wanaonitafuta."

Tukacheka. Tukaanza kazi upande wa mashariki, tukitoboa kwa mistari. Shule iko nje ya ukuta wa mji wa kale. Ukuta wenyewe tunauona pale, tuta refu la udongo katikati ya mashamba, mbuzi wamepanda juu. Kila kipande kilichotoka kilikuwa safi: udongo wa juu wa kulimwa, chini yake tope la njano la mafuriko, halafu udongo wa kahawia wenye majivu kidogo na vigae, kisha udongo mbichi, ule ambao hakuna mkono wa mtu uliowahi kuugusa. Qiaoyun alikuwa akiimba kwa pua. Nikajua mambo ni mazuri.

Tulipofika pembeni, karibu na choo cha wavulana, akanyamaza.

Kipande kilitoka na madoadoa. Njano, kahawia na nyeupe vimechanganyika kama unga uliokandwa vibaya. Udongo hauwi hivyo wenyewe. Ukiwa hivyo, jua kuna mtu alichimba, akautoa wote, kisha akaurudisha bila kujali upi ulikuwa juu na upi chini. Tukaunganisha chuma kingine. Madoadoa. Kingine tena. Madoadoa bado. Tukasogea hatua moja pembeni, na huko udongo mbichi ulikuwa juu ya uwazi: sepetu ilishuka ghafla mikononi mwangu kama mguu uliokosa ngazi.

Qiaoyun akavua kofia.

"Shimo la wima, na chumba ubavuni," alisema polepole. "Liuhe, hili ni kaburi. Watu wa enzi ya Tang, zaidi ya miaka elfu nyuma, walizika hivi."

Liuhe ndiye mimi. Nilitazama viatu vyangu.

Nje ya wavu walikuwa wamesimama wazazi, na habari ikawafikia kabla hatujafuta mikono. Jirani mmoja aliyekuwa ameshika baiskeli akaushika wavu.

"Shangazi, funika hapo. Nani atajua? Huyo aliyelala humo hana haraka."

"Kweli," mwingine akadakia. "Amengoja tangu Tang, wanangu hawawezi kungoja."

Bi Tao alisimama na chupa yake ya maji ya moto. Hakumwomba Qiaoyun anyamaze. Lakini alimtazama, na nadhani kutazama kule kulikuwa kuzito kuliko kuomba.

"Babu yangu alinyamaza maisha yake yote," Qiaoyun alisema. "Na nyinyi mnamkumbuka kwa lipi?"

Akatoa simu akapiga ofisi ya mambo ya kale.

Kesho yake alikuja kijana mmoja wa ofisi anayeitwa Shen, mtu mpole mwenye miwani, kwenye pikipiki ya umeme iliyojaa vumbi. Aliviangalia vipande vyetu kimoja kimoja, akauliza maswali mazuri, akakubaliana na Qiaoyun kwamba yaelekea ni Tang. Halafu akakuna kichwa.

"Tatizo ni watu, Shangazi. Wachimbaji wetu wote wako kwenye barabara mpya. Hapa hatutafika kabla ya machipuko."

"Na shule?"

Shen akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Ningekuwa na mikono minne ningechimba mwenyewe."

Akazungushia pale utepe mwekundu, akaondoka.

Asubuhi zetu Luoyang huanzia kwenye supu. Unanunua bakuli moja la supu ya ng'ombe, unamega mkate bapa ndani yake, na mchuzi ukikuishia unanyanyua bakuli, mwenye duka anakuongezea bure mpaka utosheke. Qiaoyun alikuwa na desturi ya kuongezewa mara mbili, na mara ya pili alikuwa akimwambia mwenye duka, "Usiniwekee maji, nakuona." Asubuhi baada ya Shen kuondoka aliingia, watu wakageukia ukuta. Hakuna aliyemsalimu. Alipoinamia bakuli, sauti ikatoka meza ya nyuma:

"Babu aliiba makaburi, mjukuu ameiba shule."

Alikula mkate wake, akamaliza mchuzi, akaweka bakuli chini. Hakunyanyua. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake na nilitaka kuinuka niseme kitu. Nilikipanga kichwani vizuri kabisa. Nilipokuwa bado nakipanga, yeye alikuwa ameshatoka.

Jioni ya siku hiyo Bi Tao alimfuata nyumbani. Nilikuwepo, nikinoa sepetu. Qiaoyun alikuwa ametoka kwenye shimo lake la viazi uani na kapu mkononi, vuli ile viazi vitamu vilikuwa vimekubali sana. Akadhani Bi Tao amekuja kumgombeza, akaweka kapu chini kama mtu anayejiandaa.

"Sikuja kugomba," Bi Tao alisema. "Darasa la tano wana somo la mji wetu, jinsi ulivyokuwa makao ya wafalme. Kitabu kina picha za mataji. Watoto wanasinzia. Kama shule inafungwa, angalau wajue inafungwa kwa nini. Njoo uwaeleze wewe."

"Mimi? Mwalimu, niliishia darasa la nne."

"Vizuri. Basi sasa utaingia la tano."

Qiaoyun alicheka bila kutaka. Ndivyo alivyokamatwa.

Kesho yake tulitandika magunia uwanjani, nikapanga vipande vya udongo kutoka cha juu mpaka cha chini, mstari mmoja mrefu. Watoto wakachuchumaa pande zote mbili. Qiaoyun alianza kwa sauti ndogo, mikono nyuma, lakini alipookota kipande cha kwanza mikono ikamsahaulisha woga.

"Huu wa juu mnaujua. Ndio unaowachafua mkirudi nyumbani. Huu wa njano, mto ulifurika, ukakaa, ukaondoka. Watu wakarudi. Huu wenye majivu, mtu alipika hapa."

"Alipika nini?" aliuliza msichana mmoja mwenye nywele za kusukwa.

"Uji wa mtama, pengine. Akauunguza. Ona, majivu mengi."

"Kama mama yake!" mwingine akasema, wakaangua kicheko, na msichana akampiga kofi la mgongo.

"Sasa wafalme wako wapi?" mtoto mwingine akauliza.

"Wafalme wachache sana wamo kwenye udongo huu," Qiaoyun alisema. "Walikaa ndani ya ukuta ule mnaouona. Huku nje walikaa waliowalimia, waliowachomea vigae, waliowasukia mikeka. Mji mkuu ni watu wengi, wafalme ni wale tu waliochorwa vitabuni."

Msichana akaonyesha kipande cha madoadoa kilichokuwa peke yake mwishoni. "Na hiki?"

"Hiki ni mtu alichimba akafukia. Udongo ukishachimbwa hausahau. Hata miaka elfu ipite, bado unaonekana." Akafikiri kidogo. "Leo mkifika nyumbani, waulizeni wakubwa wenu: watu wa kwetu walichimba wapi, na walichimba kwa nini? Kesho mniambie."

Kesho haikungojwa. Jioni ileile, tukiwa tunakunja magunia, tulisikia mlio wa baiskeli ya magurudumu matatu ikija kwa kasi isiyomfaa mwenye umri wake. Alikuwa Bibi Hou, bibi yake yule msichana wa nywele za kusukwa. Ana miaka themanini na zaidi, meno machache, na ulimi unaofanya kazi ya yote yaliyobaki. Alisimama kwenye utepe mwekundu akaupiga kwa fimbo.

"Nani anasema mume wangu ni mfalme wa Tang?"

"Bibi?" Bi Tao alitoka ofisini.

"Hapa! Pembeni ya choo! Kabla shule haijapanuliwa, hapa palikuwa shimo la viazi la kikosi chetu cha kulima. Mume wangu ndiye aliyelichimba. Nimeingia humo kila asubuhi ya baridi mpaka magoti yakaharibika. Mjukuu wangu anakuja kuniambia kuna kaburi. Kaburi la nani? La viazi?"

Qiaoyun alikuwa ameshika gunia. Likamponyoka.

Nilielewa wakati uleule na yeye. Shimo la wima, na chumba ubavuni. Kila nyumba ya Beigou ina shimo la viazi, na kila shimo la viazi ni la wima na lina chumba ubavuni ili viazi visigande. Qiaoyun alikuwa akishuka kwenye la kwake kila siku. Watu wa kijiji kingine wangefikiria viazi kwanza. Sisi tumeishi juu ya makaburi mpaka tukiona tundu tunaona marehemu.

"Lilifukiwa lini, Bibi?" Qiaoyun aliuliza.

"Mwaka ule viazi vilipooza vyote. Tukatupa humo majani, takataka, tukafukia. Ngazi ikabaki huko chumbani. Nikamwambia mume wangu, toa ngazi. Akasema wewe mwanamke ngazi utaifanyia nini. Aliifunga vidato vyake kwa mpira, sijui aliuokota wapi."

Qiaoyun akampigia simu Shen. Tulisikia jibu lake wote, maana simu ya Qiaoyun inasema kwa nguvu.

"Shangazi, mimi ningependa iwe hivyo kuliko wewe. Lakini siwezi kuondoa utepe kwa maneno ya Bibi peke yake. Nionyeshe kitu kutoka chini."

Alikuja asubuhi iliyofuata, na nusu ya kijiji nyuma yake. Alituruhusu kutoboa mara chache tu, taratibu, kwa sababu kama ni kaburi kweli tusiliharibu. Watu walijipanga kwenye wavu. Ardhi ilikuwa imeanza kuwa ngumu alfajiri. Nyasi zilikuwa na weupe juu.

Tundu la kwanza: madoadoa matupu. La pili: madoadoa, kisha uwazi, kisha hakuna kitu. Qiaoyun hakusemesha udongo. Alifuta viganja kwenye suruali, akashika mpini tena.

"Sogea kulia kidogo," Bibi Hou aliamuru kutoka kwenye baiskeli yake. "Ngazi aliilaza upande wa kulia. Kila kitu alikuwa akikiweka kulia, hata kitandani."

Tukasogea kulia. Nikaunganisha chuma cha mwisho. Qiaoyun akashusha, akazungusha, akasita.

"Imeshika kitu," akaninong'oneza. "Laini."

Tukavuta pamoja. Kipande kilitoka cheusi, kinanuka uchachu, nyuzi za majani makavu zimetokeza. Na kwenye mdomo wa sepetu, umekunjamana na kukatika, ulining'inia utepe wa mpira mweusi. Shen akauchukua kwa vidole viwili, akaumwagia maji ya Bi Tao. Katikati yake kikaonekana kiraka chekundu.

Bibi Hou akashuka kwenye baiskeli. Akapita chini ya utepe bila kumwomba mtu ruhusa, akausogeza ule mpira karibu na macho.

"Kiraka changu," alisema. Kisha akapaza sauti kijiji kizima kikasikia. "Kiraka changu! Huu ni mpira wa baiskeli yangu ya harusi! Niliziba mwenyewe, kwa kipande cha ndala nyekundu! Aliniambia umeibwa sokoni! Nimewalaani watu wa soko lile miaka arobaini!"

Hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Shen aliketi chini kwenye udongo akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Bi Tao aligeukia ukuta wa choo, mabega yanamtikisika, na sikujua anacheka au analia, nadhani vyote.

"Shangazi," Shen alisema alipopata pumzi, "na mimi nilisema Tang. Tumekosea wawili."

"Wewe ulisema yaelekea," Qiaoyun alijibu. "Mimi nilisema ni."

Shen hakuishia kwenye mpira. Alifungua handaki dogo siku hiyo na iliyofuata, mimi na Qiaoyun tukimsaidia, mpaka ngazi yenyewe ikaonekana, imeoza, na chini yake sakafu ya udongo mbichi usioguswa. Kaburi hakuna. Kabla hatujafukia, Bi Tao aliwaleta watoto wote, darasa moja baada ya jingine, wakasimama ukingoni. Kwenye ukuta wa handaki matabaka yalionekana yote, yale yale tuliyoyapanga kwenye magunia, sasa yamesimama mahali pake: la kulima, la mafuriko, la majivu ya yule aliyeunguza uji. Yule msichana wa nywele za kusukwa aliwaonyesha wa darasa la kwanza kwa kijiti, akikunja uso kama mwalimu.

"Na hili la madoadoa," alisema, "ni la babu yangu."

Utepe ukaondolewa. Mashine zikaja, na saruji ikamwagwa wakati ardhi bado inapokea.

Kwenye supu, Qiaoyun alipoingia tena, meza ya nyuma ilipiga kelele kabla hajakaa. "Mpisheni Malkia wa Viazi!"

"Nipisheni kweli," alisema. "Nikisema hapa kuna kaburi, duka litazungushiwa utepe."

Jirani yule wa baiskeli alisogeza kiti chake kumpa nafasi. Hakusema samahani; kwetu hatuisemi sana. Alimmegea nusu ya mkate wake, akauweka kando ya bakuli lake. Qiaoyun akala. Mchuzi ulipomwishia, akanyanyua bakuli juu.

"Usiniwekee maji," alimwambia mwenye duka. "Nakuona."

Shule mpya ilifunguliwa machipuko, maua ya mipeoni yameanza kuchanua mjini na wageni wamejaa kuyatazama. Huku kwetu hakuja mgeni. Tulibeba magunia yetu na vipande vya udongo mpaka darasa la tano, ambalo paa lake halivuji. Bibi Hou alikuwa ameshafika kabla yetu, amekaa dawati la kwanza, kwa sababu mpira wake umewekwa kwenye chupa ya kioo kabatini na anataka kuhakikisha haujaibwa tena. Alisema siku ya kufagia makaburi ameshakwenda kumweleza mumewe yote, na kwamba hakuwa na la kujibu.

Qiaoyun alisimama mlangoni, kofia mkononi, akiangalia madirisha.

"Ingia, Dada Qiaoyun," Bi Tao alimwambia. "Darasa limeanza."